Duka lako mtandaoni au soko la watu? Piga hesabu hii kabla hujatoa hela

Umeanza kuuza mikoba, viatu au mafuta ya nywele kupitia status ya WhatsApp. Wateja wanaongezeka, na sasa kila mtu ana ushauri wake. Mmoja anakwambia fungua tovuti yako. Mwingine anasema peleka bidhaa kwenye soko kubwa la mtandaoni, wateja wako huko tayari. Wote wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa biashara moja na si kwa mtaji uleule.

Ukikosea hapa unalipa. Fundi wa tovuti akishapewa hela yake harudishi. Na mzigo ulioununua kwa ajili ya soko la mtandaoni usipotoka, unalala stoo na mtaji wako humohumo.

Kipi ni kipi?

Soko la mtandaoni ni sawa na kupanga meza ndani ya soko la mtu. Kenya wapo Jumia na Kilimall. Wewe unaweka picha, maelezo na bei. Wao wanaleta wanunuzi, wanapokea malipo, mara nyingi wanasimamia na usafirishaji, halafu wanakata kamisheni na kukutumia kinachobaki.

Jiji ni kitu kingine. Ule ni ubao wa matangazo. Ndiyo iliyochukua biashara ya OLX mwaka 2019 katika nchi tano: Nigeria, Ghana, Kenya, Tanzania na Uganda. Mnunuzi anaona tangazo lako, anapiga simu, mnakutana na kumalizana wenyewe. Hukatwi kamisheni ya soko kwenye mauzo yako, lakini mteja akikuzungusha hakuna wa kumshitakia.

Duka lako ni tovuti yenye jina lako, ambapo mteja anachagua, analipa moja kwa moja kwako, na namba yake inabaki kwako.

Na page ya Instagram je? Watu wengi wanaiita duka lao. Sio lao, wamepanga tu bila kulipa kodi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyekuwa anauza humo tu siku hiyo alifunga biashara bila kupenda. Saa sita si nyingi, ila akaunti ikidukuliwa au ikifungiwa inaweza kuwa wiki, au moja kwa moja.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, weka za kwako.

Unauza mkoba kwa shilingi 40,000. Umeununua, au umeushona, kwa 25,000. Faida kabla ya mengine ni 15,000. Nauli ya boda analipa mteja.

Ukiuza sokoni, tuseme kamisheni ni asilimia 12. Hapo inaondoka 4,800. Mfuko na gundi ya kufungia, 700. Unabaki na 9,500 kwa kila mkoba.

Ukiuza kwenye duka lako hakuna kamisheni, ila kampuni inayopokea malipo itakata kitu. Tuseme asilimia 2, yaani 800. Mfuko uleule, 700. Unabaki na 13,500. Mpaka hapa duka lako linashinda kwa 4,000 kila mkoba, na hapa ndipo wengi wanaacha kuhesabu na kumpigia fundi simu.

Endelea kidogo. Tovuti ina gharama zake: jina, sehemu ya kuihifadhi, marekebisho. Tuseme kwa wastani ni 60,000 kwa mwezi. Halafu matangazo, maana hakuna mtu anayejua kuwa tovuti yako ipo. Weka 100,000 kwa mwezi. Jumla 160,000, na hiyo inatoka uuze usiuze.

Gawanya 160,000 kwa 4,000. Unapata 40. Maana yake, chini ya mikoba 40 kwa mwezi, soko linakuachia hela nyingi zaidi hata baada ya kukukata. Ukivuka 40, duka lako ndilo linalolipa. Kama leo unauza mikoba 12 kwa mwezi, jibu unalo. Kama unauza 70 na wateja wengi ni walewale wanaorudi, jibu unalo pia, ila ni lingine.

Ongeza mstari mmoja ambao wengi wanausahau: mizigo inayokataliwa. Malipo yakiwa ni ya kupokea mzigo mkononi, mteja anaweza kubadili mawazo boda akiwa mlangoni. Kila mzigo unaorudi unakula mfuko na nauli, wakati mwingine na mkoba wenyewe ukirudi umechafuka. Duka lako lina nafuu hapa kwa sababu unaweza kuomba kianzio. Sokoni unafuata sheria ya mwenye soko, na sheria hiyo kwa kawaida inamlinda mnunuzi.

Mambo ya sokoni unayoyajua ukishaingia

Hela haiji siku ya kuuza. Masoko hulipa kwa vipindi, tena baada ya mzigo kupokelewa na muda wa kurudisha kupita. Kama mtaji wako ni ule wa kuzungusha, wa kuuza leo na kesho alfajiri uko Kariakoo kufunga mzigo mwingine, siku hizo za kusubiri zinaumiza kuliko kamisheni.

Mteja sio wako. Jina na namba yake viko kwa mwenye soko, na masoko mengi yanakataza kuweka kadi yako yenye namba ya simu ndani ya mfuko ili umvute aje kwako. Anasema amenunua Jumia, hasemi amenunua kwako.

Halafu mwenye soko anaona kila kitu: nini kinatoka, kwa bei gani, mwezi gani. Huko Ulaya jambo hili lilifika mbali. Tume ya Umoja wa Ulaya ilianza kuichunguza Amazon mwaka 2019 kuhusu kutumia taarifa za mauzo za wafanyabiashara wadogo ili kuuza bidhaa zake yenyewe. Desemba 2022 Amazon ilikubali masharti ya kutozitumia taarifa hizo kushindana nao. Wewe unayeuza mikoba huna tume ya kukusemea, kwa hiyo usiweke siri yako yote ya biashara sehemu moja.

Na soko linaweza kuondoka. Jumia ilisimamisha shughuli zake Tanzania Novemba 2019, miezi michache tu baada ya hisa zake kuingia soko la New York mwezi Aprili mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2024 ikatoka Afrika Kusini na Tunisia. Hizo ni hesabu zao za faida na hasara, hazimhusu muuzaji. Ila aliyekuwa na ukurasa huko tu, bila daftari la wateja pembeni, ameanza upya.

Na duka lako nalo lina mitego

Wa kwanza ni jina la tovuti. Hakikisha .co.tz au .co.ke yako imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, sio ya fundi. Fundi akisajili kwa jina lake, siku mkigombana au akibadili namba, duka limeondoka naye. Hili muulize kabla ya kulipa hata senti, na omba uonyeshwe.

Pili, usinunue gari kubwa la kubebea ndoo mbili. WooCommerce ni programu ya bure inayokaa juu ya WordPress. Unalipia jina na sehemu ya kuhifadhi, lakini mambo ya usalama na marekebisho ni juu yako au fundi wako. Shopify inakuja imekamilika, unalipa kila mwezi, tena kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka bili inapanda bila wewe kuongeza chochote. Kwa anayeanza na bidhaa 10, hata katalogi ya WhatsApp Business, ambayo ni bure, inatosha miezi ya mwanzo.

Malipo ndiyo roho ya duka. Mteja wa huku haweki hela kwa mtu asiyemjua, na ana haki. Lipa Namba au Till iliyosajiliwa kwa jina la biashara inasaidia sana, kwa sababu jina linatokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Akiona jina la duka analolifahamu, anabonyeza. Akiona jina la binamu yako, anaghairi. Ukitaka malipo yaingie yenyewe kwenye tovuti, zipo kampuni kama Pesapal na Selcom, na kila moja ina viwango vyake vya makato, linganisha. Na usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Meseji za uongo ni nyingi. Angalia salio lako mwenyewe.

Pia, ukishaanza kutunza majina, namba na anwani za wateja, sheria inakuhusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania sheria yake ya taarifa binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023. Kumuuzia mtu mwingine orodha ya namba za wateja wako, au kuirusha kwenye magrupu, ni kujitafutia kesi.

Bidhaa yenyewe inakupa jibu

Kama unauza chaja, earphone au kava za simu, vitu ambavyo wauzaji mia wanavyo na mnunuzi anatafuta bei tu, nenda sokoni. Huwezi kumshawishi mtu akumbuke jina la tovuti kwa ajili ya chaja.

Kama unashona nguo kwa vipimo, unatengeneza sabuni zako, au unauza kitu ambacho mteja anarudi kukichukua kila mwezi, duka lako lina maana mapema zaidi. Hapo mteja anakufuata wewe.

Hata wakubwa wanasitasita. Nike iliacha kuuza moja kwa moja Amazon mwaka 2019 ili wateja waje kwake, na mwaka 2025 ikatangaza kurudi. Kama Nike yenye jina lile imerudi, wewe usione aibu kuanza sokoni.

Wengi wanaofanya vizuri wanachanganya: bidhaa tatu nne zinazotoka haraka wanaziweka sokoni zikaleta hela na maoni ya wanunuzi, na zile zenye faida nene wanaziuza kwao. Ukienda hivyo, andika idadi ya stoo sehemu moja. Mkoba wa mwisho ukiuzwa huku na kule kwa wakati mmoja, mmoja itabidi umkatalie, na sokoni kufuta oda kunashusha alama zako.

Kabla ya kujisajili soko lolote, pata majibu ya maandishi kwa haya: kamisheni ya aina ya bidhaa yako ni asilimia ngapi, malipo yanatoka kila baada ya siku ngapi, mzigo uliorudi nani analipia nauli, na ukitaka kuondoka hela iliyobaki unaipata lini. Anayeshindwa kujibu la mwisho, usimpe mzigo.