Piemonte: Sherehe za mavuno zinazotegemea uyoga usiopandwa

KILA mwaka, majani ya mizabibu yanapoanza kugeuka rangi, miji na vijiji vya eneo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, huingia katika msimu wa sherehe. Kuanzia Septemba hadi Desemba, wenyeji husherehekea mavuno ya zabibu, njugu na uyoga, hali kadhalika mifugo iliyonona. Sherehe za aina hii huitwa 'sagra', neno lenye asili ya ibada, kwani nyingi zilianza kama sikukuu za kanisa.

Jina Piemonte lina maana ya 'chini ya milima', nayo milima yenyewe ni ile ya Alps. Kitovu cha shamrashamra hizo ni vilima vya Langhe, kusini mwa eneo hilo, na hasa mji wa Alba wenye wakazi wapatao 30,000.

Umaskini wa jana

Wageni wanaomiminika Langhe siku hizi hukuta hoteli za kifahari na mashamba ya mizabibu yenye thamani kubwa. Hata hivyo, hadi miaka ya 1950 vilima hivyo vilijulikana kwa ufukara. Mashamba yalikuwa madogo, na familia zilizokosa chakula ziliwatoa watoto wao wakawe vibarua katika mashamba ya wengine. Mwandishi Beppe Fenoglio, mzaliwa wa Alba, alisawiri dhiki hiyo katika kitabu chake 'La malora' kilichochapishwa mwaka 1954. Vijana wengi walihama kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya magari mjini Torino.

Chakula kinachosherehekewa leo kilikuwa cha kuondoa njaa wakati huo. Njugu kubwa za mti uitwao 'castagno' ziliitwa mkate wa maskini, kwa sababu watu wa milimani walizikausha na kuzisaga unga pale ngano ilipoadimika. Sasa njugu hizo zina maonyesho yao kila Oktoba katika mji wa Cuneo.

Njugu nyingine, za mti wa hazeli, zilibadilisha uchumi wa Alba. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kakao ilikuwa adimu na ghali. Pietro Ferrero, mwoka keki wa mji huo, alichanganya kakao kidogo na njugu hizo zilizopatikana kwa wingi, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni ambayo mnamo 1964 ilitoa Nutella.

Uyoga wa chini ya ardhi

Juu ya mavuno yote hayo, mfalme wa msimu ni tartufo mweupe. Huu ni uyoga unaokua chini ya udongo, ukiwa umeshikamana na mizizi ya miti kama vile mwaloni na hazeli. Uyoga huupa mti maji na madini, nao mti huulipa kwa sukari. Kwa macho hufanana na kiazi kilichopinda, lakini harufu yake ni kali mno. Harufu hiyo ndiyo inayowavuta wanyama waufukue na kueneza mbegu zake.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtafutaji wa tartufo, aitwaye 'trifolau' kwa lugha ya wenyeji, hutoka usiku akiwa na mbwa, tochi na kijembe kidogo. Giza humsaidia kuficha mahali anapovuna, siri ambayo wengine hawamwambii hata jirani. Mbwa anaponusa uyoga na kuanza kuparura, bwana wake humzuia, humpa kipande cha chakula kama tuzo, kisha hufukua mwenyewe kwa uangalifu. Katika kijiji cha Roddi, karibu na Alba, kuna shule ya kufunza mbwa kazi hiyo.

Sheria ya Italia nambari 752 ya mwaka 1985 humtaka mtafutaji awe na leseni, atumie mbwa aliyefunzwa na afukie shimo baada ya kuvuna. Shimo likiachwa wazi, nyuzi za uyoga hukauka na mavuno ya mwaka unaofuata hupotea. Licha ya sheria hiyo, ushindani huzua uhasama, na visa vya mbwa kutegewa chakula chenye sumu vimeripotiwa mara kwa mara nchini humo.

Maonyesho ya Alba

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mwenye hoteli mmoja wa Alba, Giacomo Morra, aliona kwamba uyoga huo ungeweza kuutangaza mji wake. Alianzisha maonyesho yake pembezoni mwa sherehe za mavuno ya zabibu. Baadaye alianza kuwatumia watu mashuhuri zawadi ya tartufo bora: mwigizaji Rita Hayworth mwaka 1949, na Rais Harry Truman wa Marekani mwaka 1951. Magazeti yalieneza habari hizo, na jina la Alba likavuka mipaka.

Maonyesho hayo huanza Oktoba na kuendelea hadi mapema Desemba. Sokoni, wataalamu hukagua uyoga kabla haujauzwa, wakitazama umbo, ugumu na harufu yake, ili mnunuzi asipunjwe. Wapishi huukwangua mbichi, vipande vyembamba kama karatasi, juu ya mayai ya kukaanga au tambi za viini vya mayai ziitwazo 'tajarin'. Haupikwi, kwani moto huiua harufu yake.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba huwa siku ya kicheko. Mitaa ya Alba hushindana katika mbio za punda zilizoanza mwaka 1932 kama kejeli kwa mji jirani wa Asti, unaojivunia mbio za farasi. Kwa mujibu wa simulizi, watu wa Asti walipouzingira mji wa Alba mwaka 1275, walifanya mashindano yao chini ya kuta zake ili kuwadhihaki waliokuwa ndani. Utani huo unalipwa hadi leo.

Upande wa pili wa sherehe ni fedha. Tangu 1999, mnada wa kimataifa wa tartufo hufanyika katika ngome ya Grinzane Cavour, na mapato yake huenda kwa misaada. Mwaka 2021, uyoga wa gramu 830 ulinunuliwa kwa euro 103,000.

Mvinyo na maksai

Oktoba pia ni wakati wa kuchuma zabibu za Nebbiolo, ambazo wengi huamini jina lao linatokana na neno la Kiitaliano la ukungu. Ndizo hutoa mvinyo wa Barolo, ambao kisheria huhifadhiwa kwa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa. Sifa hiyo ilitiwa doa mwaka 1986, mvinyo wa bei nafuu uliochanganywa na kemikali ya methanoli eneo hilo ulipowaua watu wapatao 20. Tangu hapo wakulima wengi waliacha kukimbilia wingi na kuzingatia ubora.

Kuchuma kunapokwisha, familia hukusanyika kula 'bagna cauda', mchuzi moto wa vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na samaki wadogo mithili ya dagaa waliotiwa chumvi, ambao huchovya mboga ndani yake. Msimu hufungwa Desemba katika mji wa Carrù, ambako tangu 1910 maksai wanono hupewa tuzo na watu hula nyama ya kuchemshwa tangu alfajiri.

Eneo hilo pia ndilo chimbuko la vuguvugu la Slow Food, lililoasisiwa na Carlo Petrini wa mji wa Bra katika miaka ya 1980 kutetea vyakula vya kiasili. Miongoni mwa vyakula ambavyo vuguvugu hilo limevipigania nchini Kenya ni maboga ya Lare, Kaunti ya Nakuru, na maziwa ya Wapokot yanayotiwa majivu. Mwaka 2022 lilimchagua Edward Mukiibi kutoka Uganda kuwa rais wake.

Mti ukikatwa

Shirika la Unesco liliorodhesha mashamba ya mizabibu ya eneo hilo kuwa urithi wa dunia mwaka 2014, na ujuzi wa kutafuta tartufo nchini Italia mwaka 2021. Hata hivyo, sifa haziotoi uyoga. Tartufo mweupe ni mgumu mno kukuzwa shambani, tofauti na yule mweusi. Hutegemea udongo wenye unyevu na miti iliyo kwenye mabonde na kando ya mashamba.

Hapo ndipo penye kitendawili. Bei nzuri ya mvinyo na njugu huwashawishi wenye ardhi kukata miti ili kupanua mashamba yao. Kiangazi kikali, kama kile cha mwaka 2022, nacho hukausha udongo na kuchelewesha mavuno. Serikali ya Piemonte huwalipa fidia wenye ardhi wanaoihifadhi miti hiyo, nao watafutaji wameanza kusafisha misitu iliyotelekezwa na kupanda miche. Mwaloni uliopandwa leo huenda ukangoja miaka mingi kabla ya kutoa uyoga, ikiwa utatoa. Anayeupanda huenda asiuvune, ila bila yeye maonyesho ya Alba yatabaki na punda na mvinyo pekee.