Kwa Nini Mtoto Mwenye Saratani Huitwa Hospitali Tena na Tena

Liko swali ambalo kina mama huniuliza sana: "Sista, uvimbe umekwisha, mtoto anakula na kucheza. Mbona daktari bado anataka nimrudishe atiwe dawa?" Ili nikujibu vyema, tuanzie mbali kidogo.

Wewe uliyehudhuria kliniki ya wajawazito unavijua vidonge vya foliki asidi. Mwili hutumia vitamini hiyo kutengeneza seli mpya. Katika miaka ya 1940, mjini Boston, Marekani, daktari Sidney Farber aliona kwamba watoto wenye saratani ya damu waliopewa vitamini za jamii hiyo walionekana kuzidiwa. Akageuza wazo: je, tukiinyima saratani chakula hicho? Akatumia aminopterini, dawa inayozuia kazi ya foliki asidi, na mwaka 1948 akatangaza kwamba watoto 10 kati ya 16 walipata nafuu. Lakini nafuu hiyo haikudumu. Baada ya miezi michache ugonjwa ulirudi.

Sehemu ya jibu ilitoka kwenye mizizi ya mmea wa jamii ya maharagwe! Mwaka 1953, huko London, Alma Howard na Stephen Pelc walieleza kuwa seli haigawanyiki ovyo. Hufuata hatua nne. Kwanza hukua. Pili hunakili DNA, yaani maagizo yote ya mwili, ili ziwe nakala mbili. Tatu hujitayarisha. Nne hugawanyika, huku nyuzi nyembamba zikivuta kila nakala upande wake.

Sasa tazama dawa. Methotreksati, ndugu ya ile ya Farber, huikamata seli katika hatua ya pili. Vinkristini huzuia zile nyuzi za hatua ya nne zisijengeke. Siklofosfamidi huharibu DNA yenyewe, seli iwe katika hatua yoyote. Ndiyo maana mtoto hupewa dawa zaidi ya moja. Na seli iliyokuwa imepumzika siku ya dawa huweza kuponyoka, ikaamka baadaye. Hiyo ndiyo inayosubiriwa na dozi inayofuata.

Historia hii imepita karibu na kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Seli zake hugawanyika kwa kasi mno, hivyo dawa hizi huzikuta kazini. Katika miaka ya 1960 madaktari waliona uvimbe mkubwa ukinywea kwa siku chache tu. Watoto wengine walipona kabisa, wengine ugonjwa ukawarudia. Kuyeyuka kwa uvimbe, mama, si sawa na kupona.

Vinkristini hutokana na ua dogo la pinki lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi wetu tumelipanda uani. Tafadhali usilichemshe! Lina sumu, na dawa ya hospitali hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Nywele, utando wa mdomo na seli za damu nazo hugawanyika haraka, kwa hiyo huumia pamoja na saratani. Ndiyo sababu ya kipara na vidonda vya mdomo, na ndiyo sababu ya kupumzika kati ya dozi, mwili upate kutengeneza damu. Usimpe mtoto foliki asidi wala vitamini nyingine bila kumuuliza daktari wake.

Na mtoto huyo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata usiku wa manane, usingoje asubuhi wala usinunue dawa dukani. Chukua kadi yake, mpeleke hospitali, na umwambie wa kwanza utakayemkuta kwamba mtoto yuko kwenye dawa za saratani.