Jongoo wa Bamburi: Historia ya Shimo Lililogeuka Makao ya Ndege



Wengi wenu mnaijua Haller Park kule Bamburi, Mombasa, kwa sababu ya Owen na Mzee. Mtakumbuka tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Mtoto wa kiboko alipatikana peke yake baharini karibu na Malindi, akaokolewa, akapelekwa Haller Park, na huko akamganda kobe mkubwa wa umri wa miaka kama 130 kana kwamba ni mama yake. Picha zao zilizunguka dunia nzima.

Lakini hapo Owen alipopata maji, majani na kivuli, palikuwa nini zamani? Palikuwa shimo. Leo naomba tusome historia ya shimo hilo, kwa sababu wengi wetu tunaishi kando ya mashimo.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa ya Pwani yetu ni matumbawe ya kale: viumbe wadogo wa baharini waliojenga mwamba chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha bahari ikashuka na mwamba ukabaki nchi kavu. Mawe hayo yalichimbwa, yakasagwa, yakachomwa kwa moto mkali, yakatiwa mifukoni. Tusijifanye hatuhusiki. Nyumba, shule, madaraja, na naam, hata makanisa, yalijengwa kwa saruji. Kila aliyesimama juu ya sakafu ya simiti amekula kidogo kutoka kwa shimo la mtu.

Kufikia mwaka 1971 timbo lile lilikuwa jeupe kama mfupa. Udongo ulikuwa umeondolewa pamoja na miti yake. Walikuwa wamechimba hadi karibu kabisa na maji ya chini ya ardhi, na maji yenyewe yana chumvichumvi kwa kuwa bahari iko jirani. Mchana jua linapiga lile jiwe jeupe na joto linarudi juu kama la tanuri. Hapakuwa na kivuli wala mdudu.

Kiwandani alikuwako mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, ambaye alikuwa amefanya kazi Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulitibu lile shimo. Sikiza alivyoanza. Hakuchagua mti mmoja aupendao akaulazimisha. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita aina 23 zilikuwa zimeshindwa. Zilibaki tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa Pembe ya Afrika uitwao konokapasi.

Mtu mwingine angehesabu 23 zilizokufa akafunga virago. Haller alihesabu tatu zilizobaki.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Watu wa Pwani mnaujua: ule mti mrefu unaopiga mluzi upepo ukivuma, unaotupa nguzo za kujengea. Mvinje huvumilia chumvi, na mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya chakula cha mti. Kwa hiyo uliweza kusimama pale ambapo hapakuwa na udongo wa kuulisha. Miti ikarefuka, kivuli kikapatikana, na mpita njia angesema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano, tena magumu. Yalidondoka, yakarundikana, na hayakuoza, kwa maana viumbe wa kuyaozesha hawakuwako. Msitu ulionekana kijani kwa juu, lakini chini yake bado ni jiwe. Bila majani kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota.

Hapa ndipo anapoingia jongoo.

Haller aligundua kwamba jongoo wa kwetu wa Pwani, yule mweusi mwenye miguu myekundu, alikuwa akiyala yale majani makavu. Jongoo akila, anayasagasaga, na kinyesi chake kinakuwa nyumba ya bakteria. Basi majongoo wakakusanywa kwa wingi na kuachiliwa ndani ya timbo. Hebu fikiria kazi hiyo! Yule mdudu ambaye mama akimwona mlangoni humsukuma nje kwa ufagio, ndiye aliyealikwa kuja kutengeneza ardhi. Wakala na wakazaana, na polepole, tabaka juu ya tabaka, udongo mweusi ukaanza kuonekana juu ya jiwe jeupe.

Udongo ulipopatikana, miti ya asili ikaweza kupandwa chini ya kivuli cha mvinje. Mahali palipochimbwa kidogo zaidi, maji ya chini yalijitokeza yakawa vidimbwi na viziwa, wakafugwa samaki. Na penye maji na samaki, ndege hahitaji kupelekewa barua. Wakaja korongo, mnandi na mdiria kuvua, na kwera kufuma viota vyao juu ya maji. Ndege nao hawakuja kula bure. Anayekula tunda la mkuyu mahali pengine hudondosha mbegu zake anapolala. Kwa hiyo ndege wakawa wapanzi wa miti.

Mwaka 1984 watu wakaanza kufunguliwa njia za kutembea humo ndani. Mwaka 1987 Haller akatambuliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500. Baadaye mahali penyewe pakaitwa kwa jina lake.

Sasa wapendwa, tusidanganyane. Matumbawe yaliyochomwa hayarudi. Haller Park si ule msitu wa kale uliong'olewa, ni kitu kipya kilichojengwa juu ya kovu, na kovu lenyewe ukitazama kuta za pembeni bado unaliona. Pia tusisahau nani aliyelipa. Kampuni iliyochimba ndiyo iliyogharimia matibabu. Hilo ni jambo la haki, si la hisani. Leo hata Sheria yetu ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni arejeshe ardhi na kuweka dhamana ya mazingira.

Lakini zunguka nchi hii uone. Matimbo ya mawe yameachwa wazi, mvua ikinyesha yanajaa maji, na watoto wanaogelea humo na wengine wanazama. Kule Kwale, uchimbaji wa mchanga wa titani ulioanza mwaka 2013 ulikoma Desemba 2024, na majirani wana haki ya kuuliza ardhi ile itakuwa nini mwaka 2040. Uliza. Nenda kwa chifu, nenda kwenye baraza, nenda kaunti. Kuuliza si kukosa imani. Adamu alipewa kazi ya kuitunza bustani kabla hata hajapewa mke. Ndivyo kazi hiyo ilivyo ya zamani.

Na sisi wenyewe tujichunguze. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili tupande miti. Tulipiga picha tukiwa na miche mikononi. Je, mche wako uko wapi leo? Nani aliumwagilia maji kiangazi kilipokuja? Bamburi inatufundisha kwamba kupanda ni siku moja, lakini udongo ni miaka. Yule anayerudi na ndoo mwezi wa sita, ambaye hakuna anayempiga picha, ndiye anayefanya kazi ya jongoo.

Ukipata nafasi ya kufika Mombasa, wapeleke watoto. Waonyeshe viboko na twiga, sawa. Lakini kabla hamjatoka, inama nao chini ya mvinje, fukua majani kwa kidole, uwaonyeshe ule udongo mweusi. Waambie hapa palikuwa jiwe tupu. Na mkimwona jongoo akivuka njia, mpisheni. Yuko kazini.