Kwenda Kuona Mbio za Magari kwa Miguu

Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya ngoma, ndoa na kazi za shamba. Mara hii tunapenda kuongea juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa desturi: namna mtu asiye na gari alivyofika kuangalia magari yakishindana.

Pengine utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Lubero? Uwanja wa mbio za magari hatuna. Lakini mpaka si mbali. Toka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54, na toka Beni mpaka Kasindi ni kama 80 hivi. Ukivuka, uko Mpondwe, na mbele yake ni Kasese, kwa ndugu zetu Wakonjo. Wao na sisi Wanande ni watu wa nyumba moja, ndiyo maana wote tunaitwa Wayira. Habari za Uganda na Kenya zimefika kwetu siku zote, pamoja na chumvi na vitenge.

Mbio zilizopita mbele ya mlango

Mwaka wa 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa kule Uingereza, wenye magari wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hawakuzunguka kwenye uwanja. Walipita njia zile zile za watu wote, zenye vumbi na mashimo, na kwa miaka mingi ilikuwa wakati wa Pasaka, mvua inaponyesha sana. Mashindano hayo yaliitwa East African Safari toka 1960, kisha Safari Rally toka 1974.

Hapo ndipo tunaona jambo kubwa. Kule Ulaya, mtu aliyetaka kuona mbio kwenye uwanja alilipa tiketi na kusafiri mpaka mlangoni. Huku kwetu mambo yaligeuka: mbio zenyewe ndizo zilizokuja kwa watu. Mtu alitoka nyumbani, akapita katikati ya migomba, akafika njiani. Wa mbali kidogo alipanda kinga, akambeba mdogo wake nyuma. Mwingine aliomba nafasi juu ya kamio la mizigo. Mama alifunga chakula kwenye majani, juu hakuna aliyejua gari litapita saa ngapi. Tiketi haikuwepo. Mwenye shamba na mfanyakazi wake walisimama kwenye ukingo mmoja, na vumbi liliwapata wote wawili.

Tena hawakuwa watazamaji tu. Gari likizama kwenye matope, nani alilisukuma? Ni hao hao waliokuja kwa miguu. Pengine walipewa franga kidogo, pengine walipewa matope usoni na asante ya haraka. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka wa 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili alishinda Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Vitabu vinasifu dereva na gari, na ni haki yao. Lakini mabega yaliyosukuma hayana jina katika kitabu chochote.

Baadaye walishinda hata wana wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipendwa sana: Joginder Singh wa Kenya mara 3 (1965, 1974 na 1976), na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mara 5 kati ya 1973 na 1982. Lakini siasa iliharibu ujirani. Katika miaka hiyo ya 1970, wakati wa Idi Amin, mbio zilibaki Kenya peke yake. Mtu wa Uganda aliyekuwa akitoka tu mlangoni, sasa alihitaji nauli na karatasi za kuvuka mpaka.

Mbio zetu wenyewe

Sisi tuliokua kandokando ya njia ya Lubero, ambapo mstari wa ikweta unapita, tulikuwa na mbio zetu. Mtelemko haukosekani kwetu. Watoto walichonga chukudu ndogo za miti, wakashindana kushuka mpaka bondeni, kisha wakazipandisha tena kwa mabega. Wakubwa walibeba kwa chukudu kubwa makaa, viazi na mbao, magunia kwa magunia, goti moja juu ya ubao na mguu mmoja wa kusukuma. Kule Goma, toka 2009, chukudu imewekewa sanamu katikati ya mji. Ni heshima inayostahili. Kile ambacho Pasaka ilileta mara moja kwa mwaka kwa wengine, yaani matope, mashimo na mashini inayogoma, kwetu ni kazi ya kila siku, na bila kikombe cha kushinda.

Mambo ya leo

Baada ya mwaka wa 2002 Safari ilitolewa katika mashindano ya dunia, ikarudi 2021. Sasa inafanyika hasa upande wa Naivasha, kama kilometa 90 toka Nairobi, na njia zinafungwa wakati magari yanapita. Ni vizuri kwa usalama: kule Ureno mwaka wa 1986 gari liliingia katikati ya watu na kuua. Lakini mtazamaji amegeuka msafiri. Anatafuta matatu, basi au piki-piki ya bodaboda, na kipande cha mwisho anakitembea. Uganda nao wana mbio zao, Pearl of Africa, toka 1997.

Na sisi? Kijana wa Butembo mwenye piki-piki angeweza kwenda kuona na kurudi, kama njia ingekuwa njia. Lakini toka Oktoba 2014 mauaji yameandama eneo la Beni, na njia ya Kasindi imemwaga damu ya wasafiri wengi. Mwezi wa Juni 2024 vita ya M23 ilifika Kanyabayonga, upande wa kusini wa teritwari yetu, na watu wakapanda kuelekea Lubero na Butembo kwa miguu, magodoro kichwani. Njia ile ile ambapo watoto walishindana kwa chukudu, sasa chukudu zinabeba vyombo vya wakimbizi.

Kwa hiyo tunasema hivi: kufika bila gari si jambo gumu. Wazee wameonyesha kwamba miguu, kinga na mgongo wa kamio vinatosha. Kitu kisichopatikana ni amani ya njia. Siku itakayorudi, mtu wa Lubero atafika Naivasha, hata akichelewa.

Tunaomba vijana wawaulize wazee waliofanya biashara Kasese, Kampala na Nairobi: walisimama wapi, walikula nini, walisukuma gari gani? Waandike kwenye daftari. Wazee wanatutoka, na haya hawakuyaandika popote.