Vyeo, Chumvi na Mulambo: Jinsi Dola ya Lunda Ilivyoshikamana

Dola ya Lunda ilichipuka katika bonde la mto Kalanyi, katika nchi ambayo leo ni teritware ya Kapanga, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kabla ya dola hiyo, bonde lilikuwa na vijiji vilivyojitawala, kila kimoja na mkuu wake mwenye ardhi. Masimulizi ya Walunda yanasema kwamba Ruwej, binti wa mmoja wa wakuu hao, alipewa rukan, bangili ya utawala, kaka zake wakanyimwa. Baadaye aliolewa na Chibind Yirung, mwindaji kutoka Uluba, na mume huyo akaishika bangili hiyo. Kinguri, kaka wa Ruwej, aliona uchungu akahamia magharibi na watu wake. Mambo yenyewe bila shaka yalichukua muda mrefu zaidi, lakini kisa hiki kimehifadhi jambo la msingi: mamlaka yalimwangukia mgeni, na ardhi ikabaki kwa wenyeji.

Ndivyo dola ilivyojengwa. Wakuu wa zamani waliachiwa matambiko ya ardhi na heshima yao. Juu yao waliwekwa achilol, waliokusanya mulambo, yaani ushuru wa utii, na mbali na makao makuu mfalme, Mwant Yav, alituma mwangalizi, yikezi, akae karibu na mtawala wa huko na kuhakikisha mali inafika. Wanawake hawakuachwa nje: Lukonkesh, mwenye cheo cha mama wa mfalme, alikuwa na baraza lake na watu waliomletea mulambo yeye mwenyewe.

Nguvu kubwa ya mfumo huu ilikuwa urithi wa vyeo. Mtu aliyerithi cheo alichukua jina la mtangulizi wake, wajane wake na udugu wake wote. Cheo kilichoanzishwa na mtoto wa mfalme kiliendelea kuitwa mtoto wa Mwant Yav hata baada ya vizazi vingi, ingawa wenye cheo hicho hawakuwa tena na damu moja naye. Huko Luapula, upande wa mashariki, mwenye cheo husema “mimi” anaposimulia vita vya mtangulizi aliyefariki zamani. Kwa njia hii hata mtawala aliyeshindwa vitani aliweza kuingizwa katika ukoo wa kifalme. Ni ubunifu wa kisiasa unaostahili nafasi kubwa kuliko inayopewa katika vitabu vya shule.

Kila kiangazi misafara ilielekea Musumba, mji mkuu, ikibeba pembe za ndovu, nyama, shaba na chumvi, pamoja na watumwa. Sehemu ya mali hiyo ilirudi kwa watawala kama zawadi. Chumvi iliwavuta Walunda hadi Lualaba ya juu. Kazembe, aliyetumwa mashariki, aliyateka machimbo ya chumvi ya huko. Waliorithi cheo chake walivuka Lualaba na kusimika utawala wa Luapula mnamo miaka ya 1740. Kusini, vyeo kama cha Musokantanda na cha Kanongesha wa Mwinilunga pia hufuatilia asili yao hadi Musumba.

Japani ya nasaba ya Tokugawa (1603–1868) inasaidia kuona tofauti. Huko ukabaila ulisimama juu ya shamba: hadhi ya daimyo, mtawala wa eneo, ilipimwa kwa koku, kipimo cha mchele cha karibu lita 180, na shogun, mtawala mkuu, aliweza kumhamishia eneo lingine. Tangu 1635 daimyo walilazimishwa kukaa Edo, mji wa shogun, kwa zamu na kuziacha familia zao huko kama rehani. Mwant Yav alitawala nchi kubwa yenye watu wachache. Alihesabu watu na mulambo, na badala ya kuwaita watawala wakae kwake, alipeleka macho yake kwao.

Mfumo wa Walunda ulikuwa na udhaifu wake. Biashara ya pembe na watumwa ilipokua katika karne ya 19, Wachokwe, majirani wa Walunda, walipata bunduki, na watawala wa mbali wakapata wateja wengine wa mali yao. Vita vya kugombea kiti viliongeza maumivu, na katika miaka ya 1880 Wachokwe waliiteka Musumba. Mushid, wa ukoo wa kifalme, na ndugu yake Kawel waliwafukuza mnamo 1898, wakati Dola Huru ya Kongo ilikuwa tayari inakaribia. Kongo ilipokuwa koloni la Wabelgiji, amri zao za 1910 na 1933 ziliwageuza watawala kuwa wakuu wa chefferie, yaani maeneo ya kichifu, wanaokusanya kodi ya serikali. Kazi ya kuwasimika wenye vyeo ilibaki Musumba.