Mfongo

Mfongo (wingi: mifongo) ni mfereji wa jadi unaochepusha maji ya mto kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro na kuyashusha kwa mserereko hadi kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Wachagga na mashamba ya tambarare yaliyo chini yake. Mifongo ilichimbwa kwa mkono, ukoo kwa ukoo, tangu kabla ya Wazungu kufika, na kwa miaka mingi imetunzwa na wale wale wanaotumia maji yake. Ni miongoni mwa kazi kubwa za pamoja zilizowahi kufanywa na wanavijiji Afrika Mashariki bila mhandisi wala mkopo.

Jina na eneo

Neno ni la Kichagga. Kwa Kiswahili cha Moshi watu husema tu "mfereji". Mifongo ni mingi zaidi upande wa kusini wa mlima, kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Old Moshi, Kirua, Kilema na Marangu, kunakoshuka mito kama Weruweru, Karanga na Rau. Rombo ina mito michache ya kudumu, na maji huko yamekuwa taabu siku zote.

Uchimbaji

Shida ya Uchagani ni kwamba maji yako korongoni na watu wanakaa mgongoni. Mtu husikia mto ukivuma chini ya nyumba yake asiweze kuupandisha hata kwenye mgomba mmoja. Kwa hiyo wachimbaji walipanda kuelekea msituni, wakatafuta mahali ambapo mto bado uko juu kuliko vihamba, wakaweka banio hapo. Banio lilikuwa la mawe, matawi, mabonge ya udongo wenye nyasi na magome ya migomba. Masika yakija lilisombwa, kisha likajengwa upya. Wataalamu wengi wa baadaye waliona huo kuwa udhaifu, lakini banio linalokubali kuvunjika huyaacha mafuriko yapite mtoni badala ya kuyaingiza mferejini na kubomoa kilomita nzima.

Kutoka banioni mfereji huambaa na ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo mno. Mteremko ukizidi, maji hula udongo. Ukipungua, tope hujaa. Mahali penye mwamba au kijito cha kuvuka, maji yalipitishwa kwenye magogo yaliyochongwa kama mtumbwi. Wachimbaji hawakuwa na kipimo chochote ila jicho na maji yenyewe.

Uongozi, zamu na faini

Mfongo una mwanzilishi, na mara nyingi hubeba jina lake au la ukoo wake. Kutoka ukoo huo alitoka msimamizi, meni mfongo, aliyepanga zamu, kuita watu kazini na kuamua magomvi madogo. Magomvi makubwa, hasa ya banio la mtaa mmoja kukausha mfereji wa mtaa mwingine, yalipanda kwa mchili, mkuu wa mtaa, na hatimaye kwa mangi, mtawala.

Msingi wa yote ulikuwa kazi. Kaya iliyotoa mtu siku ya kuzibua ilipata zamu. Isiyotoa ilifungiwa maji au ililipa faini ya mbege (pombe ya ndizi na ulezi) au mbuzi. Kazi ya namna hii leo huitwa msaragambo, neno linalotumika pia kwa Wapare. Mgeni aliyetaka maji ya mfereji uliokwisha kuchimbwa aliomba, akapeleka pombe, akaingizwa kwenye kazi kabla ya kuingizwa kwenye zamu. Maji ya mchana yaligawanywa kwa saa. Ya usiku yaliingizwa kwenye mabwawa madogo ili mwenye zamu ya asubuhi aanze na akiba.

Utaratibu huu husifiwa sana, pengine kupita kiasi. Wanawake, waliochota maji ya nyumbani kila siku, hawakuwa na nafasi kwenye kazi ya mfereji wala kwenye kikao chake, na ukoo wa mwanzilishi ulijua kuitumia heshima yake. Hata hivyo hakuna chombo kilichofuata baadaye kilichoweza kumtoa mtu kitandani alfajiri kwenda kuzoa tope bila malipo.

Matumizi

Mfongo ulinywesha migomba wakati wa kiangazi, ng'ombe waliofugwa zizini, na watu wenyewe. Zao lililoutegemea kuliko yote ni ulezi uliolimwa sehemu za chini, kwa sababu bila ulezi hakuna mbege, na bila mbege hakuna harusi, matambiko wala faini. Kahawa ilikuja kuongezwa juu ya hayo. Maji ya bomba yalipoenea, mfereji ulibaki wa shamba na mifugo, na usafi wake ukapungua kwa kasi.

Kihamba

Mfongo hauelezeki bila kihamba, shamba la nyumbani la ukoo lililo kati ya takribani mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Humo miti mirefu kama mringaringa na mruka hutoa kivuli, chini yake migomba ya mchare na aina nyingine, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Samadi ya zizini hurudi shambani. Mpaka ni masale, mmea ambao pia hupelekwa kuomba msamaha. Kwa desturi kitinda mimba hurithi kihamba cha baba na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa ardhi nyingine. Wa katikati walijitafutia. Ardhi ilipokwisha, vihamba vilianza kukatwa vipande.

Historia

Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima mwaka 1848. Harry Johnston, Mwingereza aliyepiga kambi katika himaya ya Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1884, alisifu umwagiliaji alioukuta. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa cha Kijerumani kuhusu sheria za Wachagga. Charles Dundas, afisa wa Kiingereza, aliandika kuhusu mlima na watu wake mwaka 1924. Kwa sababu waandishi hao walikaa upande wa Moshi, mifereji ya Moshi na jirani zake inajulikana kuliko ya Siha na Rombo.

Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi mwaka 1900, na wamangi waliobaki wakawa watumishi wa utawala. Mifereji haikukoma.

Katika kipindi cha Waingereza tabia ya kuungana iliingia kwenye biashara. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama cha wapanda kahawa Waafrika wa Kilimanjaro, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikiwa na vyama vya msingi vilivyofuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya umangi. KNCU kilijenga jengo lake katikati ya Moshi, kikasomesha watoto na kukusanya kahawa ya mlima mzima. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. KNCU kikafufuka mwaka 1984, kikiwa kimepungua nguvu.

Sheria na watumiaji wa bondeni

Sheria za maji za 1948 na 1959, kisha ile ya 1974, ziliyaweka maji mikononi mwa dola na kumtaka mtumiaji awe na kibali. Ofisi ya Bonde la Pangani, mto unaopokea maji ya mlima, ilianzishwa mwaka 1991. Sheria Na. 11 ya 2009 inatambua haki za kimila na kuhimiza jumuiya za watumiamaji, lakini kwa mzee aliyerithi mfongo kutoka kwa babu yake, kulipia maji ambayo ukoo wake uliyaleta kwa jembe kumekuwa jambo gumu kulimeza.

Bondeni kuna wadai wengi: mashamba ya miwa ya TPC, bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Neno "upotevu" hutumika sana kuhusu mifongo, kwa sababu sehemu kubwa ya maji huzama ardhini njiani. Ni kweli, ila maji hayo hunywesha miti ya vihamba yanakopita. Skimu ya mpunga ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987, ilipangiwa hekta 1,100 za mpunga. Wakulima wa juu yake, walipouona mpunga unavyolipa, walianza kulima wao pia kwa maji ya mto Rau, na skimu mpya ikapungukiwa maji.

Msitu

Wengi huamini mifereji inalishwa na barafu ya kilele cha Kibo, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kwa hakika maji mengi hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa pembezoni mwa msitu huo ili wanavijiji wapate kuni na mbao. Msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005.

Mifumo inayofanana

Wapare wana ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya usiku. Wasonjo wana mifereji yao, Engaruka ina magofu ya mifereji, na nchini Kenya wapo Wamarakwet.

Hali ya sasa

Mwaka 2011 FAO iliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, Uru, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro. Vijana wengi wako Dar es Salaam na Arusha, hurudi Desemba, safari ambayo Watanzania wengine huitania kuwa ni kwenda "kuhesabiwa". Lakini mabanio hubomoka wakati wa masika na huhitaji mikono mwezi Juni.