Difu na Tairi za Lori la Ford TT

Mwaka 1917 Ford ilitoa lori la tani moja, Model TT, likiwa na injini ileile ya gari dogo la Model T, yenye nguvu farasi 20. Kazi ya kuhimili mzigo ikaachiwa difu. Katika gari dogo, shafti ilizunguka mara 3.64 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwenye lori, mara 7.25. Lori lilipanda mlima na shehena yake, ila kwa mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa. Mwendo huo wa polepole ulifaa, kwani tairi za nyuma zilikuwa za mpira mtupu, bila upepo. Waliotaka kasi waliagiza difu ya 5.17. Ukubwa wa tairi nao hubadili mvuto: kipenyo cha tairi kikiongezwa asilimia 10, difu ya 7.25 huvuta kama ya 6.6.